Kutoka Kubofya Hadi Kuandika

Mtaalamu aliyekulia kwenye Windows hutambulika kwa mkono wake: haubanduki kwenye kipanya. Akitaka kuwasha huduma kwenye seva, anafungua dirisha, anasaka kitufe, anabofya. Seva zikifika mia, siku nzima imekwenda, na jioni hakuna ajuaye ipi ilirukwa.

Tatizo hilo lilimkera mapema Jeffrey Snover, mhandisi wa Microsoft. Alijaribu kwanza kuziingiza zana za Unix kwenye Windows, zikagoma. Unix huendeshwa kwa mafaili ya maandishi. Windows huficha mipangilio yake mahali ambapo zana za maandishi hazifiki. Mwaka 2002 akaandika waraka wa kupendekeza njia nyingine, na mwaka 2006 ikatoka PowerShell, zana ya kuiamrisha Windows kwa kuandika. Snover mwenyewe amesimulia kwamba alishushwa cheo kwa kuing'ang'ania kazi hiyo.

Mwaka 2001, mkuu wa Microsoft wakati huo, Steve Ballmer, aliifananisha Linux, mfumo huria, na saratani. Agosti 2016 kampuni hiyohiyo ikaifanya PowerShell kuwa programu huria, ikaipeleka hadi kwenye Linux na Mac.

Anayehamia zana huria leo hukutana pia na Ansible, zana ya kuamrisha seva nyingi kwa maagizo yaliyoandikwa kwenye faili, iliyoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012 na kununuliwa na kampuni ya Red Hat mwaka 2015. Hapo mazoea hutikisika. Aliyezoea mabano na nukta mkato anaambiwa nafasi tupu ndiyo sheria, na akipanga mistari kwa kitufe cha Tab faili linakataliwa. Ansible huelezwa hali inayotakiwa: programu hii iwepo, huduma ile iwe inafanya kazi. Mara ya kwanza majibu hutoka kwa rangi ya manjano: nimebadilisha. Ukirudia papo hapo hutoka ya kijani: kila kitu kiko sawa, sijagusa.

Ujuzi wa zamani haupotei. Seva za Windows nazo huamrishwa na Ansible, na moduli nyingi zinazofanya kazi hiyo zimeandikwa kwa PowerShell. Kinachopotea ni fahari ya kuwa mtu pekee ofisini anayejua kitufe kilipo. Sasa ujuzi huo umo kwenye faili, na kijana aliyeajiriwa juzi anaweza kulisoma na kuuliza maswali.

Wengi husifu kasi, lakini kasi ina makali pande zote mbili. Anayekosea kubofya huharibu seva moja; anayekosea neno moja kwenye faili huharibu mia kabla hajainua kikombe cha chai. Ndiyo maana faida kubwa ya kuandika ni kwamba mwenzako anaweza kuipitia kazi yako kabla haijatendeka. Ofisi inayonunua kasi bila kuweka desturi ya kukaguana imebadilisha zana tu, na hatari imeizidisha.