Sura za mashujaa wa Baray zisipotee

Kila mwaka ifikapo tarehe 25 Julai, taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Viongozi huweka silaha za jadi na mashada ya maua kwenye minara ya kumbukumbu, tarumbeta hulia, na wananchi husimama kimya kwa heshima ya wale waliokufa wakiilinda nchi. Desturi hiyo ni njema, nasi hatuna nia ya kuipunguzia hadhi. Lakini mnara hauna uso. Mjukuu anayeutazama haoni paji la babu yake, wala hajui kama babu huyo alikuwa mrefu au mfupi, mcheshi au mkali.

Tunaandika haya tukiifikiria kata ya Baray, katika tarafa ya Eyasi, wilayani Karatu. Huko bondeni, kwenye mashamba ya vitunguu na malisho yanayoelekea Ziwa Eyasi, nyumba nyingi hazina albamu, kama ilivyo kwingi vijijini nchini. Picha ya ndugu aliyekuwa jeshini hutiwa katika bahasha, na bahasha hiyo hulazwa katika sanduku la bati pamoja na kadi za kliniki na stakabadhi za mazao. Penye bahati hutundikwa ukutani, juu ya moshi wa kuni. Mchwa, unyevu na moshi havitofautishi picha ya shujaa na karatasi ya kufungia sukari.

Ajabu moja hatuwezi kuipita. Watu wa Eyasi ni miongoni mwa Watanzania wanaopigwa picha mno. Watalii huja mwaka mzima kuwapiga picha Wahadzabe na upinde wao, na Wadatoga na vyuma vyao, kisha picha hizo huondoka na wenyewe kwenda Ulaya na Marekani. Wanaobaki hapa hawaachiwi hata nakala moja. Pwani ya ziwa hili imetoa picha elfu kwa elfu, na bado mtoto wa Baray aweza kumaliza shule asijue sura ya mzee wa jirani aliyevuka mto Kagera na bunduki begani.

Kukosa sura na jina kwa askari wa kawaida si jambo jipya. Dar es Salaam, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao Wissmann, Waingereza waliweka mwaka 1927 Sanamu ya Askari: mtu wa shaba, bunduki yenye singe mikononi, akielekea bandarini. Maneno yaliyochongwa chini yake ni ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yakiwakumbuka askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Lugha tatu, na jina la askari hata mmoja halimo.

Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara wazee wa Tanganyika waliopigana chini ya von Lettow-Vorbeck. Husimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza, lakini waliokuwa na vyeti ni wachache. Basi mtumishi wa benki aliyekuja na fedha akampa kila mmoja ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani aonyeshe heshima ya silaha, na inasemekana hakuna aliyekosea. Kisa hiki huwachekesha wengi. Sisi hatukioni kuwa cha kuchekesha: mtu aliyetoa ujana wake vitani, baada ya miaka karibu hamsini, anashika ufagio ili aaminiwe kwamba alikuwepo.

Katika Vita Kuu ya Pili, Watanganyika zaidi ya 80,000 waliingia katika utumishi wa kijeshi. Walipelekwa Ethiopia, Madagaska na Burma, na safari hii wapiga picha wa jeshi la Uingereza waliwafuata. Picha zao nyingi zimehifadhiwa vizuri katika jumba la makumbusho ya vita mjini London. Lakini mara nyingi maelezo ya chini husema tu kwamba huyu ni askari wa KAR akivuka mto au akisafisha bunduki. Ofisa wa Kizungu aliye kando yake hutajwa kwa cheo na jina. Picha imehifadhiwa, mtu amepotea.

Ndiyo sababu tunasema haraka inahitajika kwa watu wa vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini tarehe 30 Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa. Jeshi la Wananchi liliongezwa kwa haraka kubwa kwa kuwaita mgambo kutoka mikoani, watu walioacha jembe na mifugo na kujifunza mengine njiani. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Baada ya vita, wengi wa mgambo hao walivua sare wakarudi mashambani. Makamanda tunawajua kwa sura. Jenerali David Musuguri, aliyeanzia KAR na kufariki Oktoba 2024 akiwa amepita miaka 100, picha zake zilijaa magazetini. Makaburi ya Kaboya mkoani Kagera yanawahifadhi waliokufa. Lakini mgambo aliyerudi salama, akalima vitunguu miaka arobaini, akafa kwa homa kitandani kwake, ukumbusho wake uko wapi? Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 70.

Wapo watakaotuambia kwamba picha hailiwi, na kwamba mkongwe anahitaji dawa na kiinua mgongo kuliko fremu ukutani. Ni kweli, wala hatusemi picha ichukue nafasi ya haki yoyote. Tunasema tu kwamba madai ya dawa yanaweza kuendelea mwakani, lakini kumbukumbu ya mzee wa miaka 75 haina hakika ya mwakani.

Chukua picha ya kundi: vijana wanane wamesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi, studio ya mji fulani, sare zimepigwa pasi. Huenda katika wanane amebaki mmoja tu awezaye kuonyesha kwa kidole na kusema huyu ni fulani wa kijiji fulani, huyu hakurudi. Siku mzee huyo akizikwa, saba waliobaki wanakuwa askari wa KAR wa London.

Kazi yenyewe si ya gharama. Afisa mtendaji wa kata, walimu na vijana wenye simu nzuri wakae siku mbili tatu katika kila kijiji, wazee waje na picha zao. Picha ipigwe nje, kivulini, pasipo mng'ao wa jua. Iliyogandana na kioo isibanduliwe, ipigwe ikiwa pale pale. Nyuma ya picha jina, kikosi na mwaka viandikwe kwa penseli, maana wino hupenya na kuharibu. Mzee asiye na picha apigwe sasa, akiwa na nishani yake kama anayo, na jembe lake kama hana. Anayopenda kueleza yaandikwe katika daftari kwa maneno yake, na asiyotaka kuyasema aachiwe. Mwenye picha arudi nayo nyumbani siku ile ile. Nakala ndiyo ya umma, tena kwa idhini yake au ya jamaa zake. Wajane waulizwe kwanza, maana mara nyingi ndio wenye funguo za masanduku.

Nakala zisafishwe Karatu mjini na kutundikwa katika ofisi ya kata na madarasani, majina yakiwa makubwa kiasi cha kusomeka kutoka mlangoni. Seti moja ipelekwe Idara ya Habari, MAELEZO, ambayo kazi yake ni pamoja na kutunza picha za taifa. Tunaiomba halmashauri ya wilaya ianze na Baray kabla ya tarehe 25 Julai ijayo, vijiji vya mbali na barabara vikitangulia.