Je, Wajua? Si Kila Kinachobana Kifua ni Gesi

Je, wajua moyo umejaa damu muda wote lakini haujilishi kwa damu hiyo? Hulishwa na mishipa myembamba inayouzunguka kwa nje. Mmoja ukizibwa na damu iliyoganda, msuli unaoutegemea huanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Je, wajua mwenye mshtuko wa moyo anaweza kuongea, kutembea, hata kubisha kwamba hana neno? Moyo kusimama ni jambo jingine: mtu huanguka, haitiki, hapumui sawasawa. Huyo mbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akiita msaada.

Je, wajua "ni gesi tu" imewachelewesha wengi? Maumivu yanaweza kukaa juu ya tumbo, mgongoni, tayani au mkononi, pamoja na jasho jembamba na kichefuchefu. Wanawake, wazee na wenye kisukari wengine hawaumwi kifua kabisa. Huishiwa pumzi na kuchoka ghafla. Hapo ndipo chai ya tangawizi huchemshwa, dawa ya vidonda vya tumbo ikatafutwa, na saa zikapita. Nenda hospitali papo hapo, wala usiendeshe gari mwenyewe.

Je, wajua kwenye mshtuko wa moyo aspirini hutafunwa? Hufanya kazi haraka kuliko ikimezwa nzima. Utafiti wa mwaka 1988 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 17,000 ulionyesha hupunguza vifo vya mshtuko kwa zaidi ya moja ya tano. Mwenye mzio nayo au anayetokwa damu tumboni asiiguse. Na asiyeumwa asiifanye ya kila siku bila daktari.

Je, wajua mshipa wa moyo ulizibuliwa kwa puto kwa mara ya kwanza Zürich, mwaka 1977, na Andreas Grüntzig? Leo kazi hiyo hufanyika Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Je, wajua presha kwa kawaida haiumi? Hujulikana kwa kupimwa. Na kwa kuwa chumvi huipandisha, ya siku nzima isifike gramu 5, kama kijiko cha chai, ukihesabu iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti. (Mnaonyunyiza kabla ya kuonja mnajijua.)

Je, wajua ukiacha sigara, baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji?

Na je, wajua mishipa iliyokakamaa imekutwa kwenye maiti zilizokaushwa za Misri ya kale? Chipsi zilikuwa bado.