Jiwe Linalosaidia Mifupa

Labda unasoma maneno haya kitandani, mguu wako umefungwa plasta. Unahesabu siku. Shamba linakungoja, na watoto pia. Basi unauliza: "Munganga, hakuna dawa ya kuunganisha mfupa upesi?" Swali lako ni jema. Sikia majibu.

Mfupa si kama kijiti kikavu. Una uhai. Mungu ameweka ndani yake wafanyakazi wadogo sana, macho yetu hayawezi kuwaona. Wengine wanabomoa mfupa wa zamani, wengine wanajenga mupya. Wajenzi hawa wanatumia kalsiamu, ile ile inayopatikana katika chokaa.

Sasa, kalsiamu ina ndugu yake, jina lake strontiamu. Jina hili limetoka Strontian, kijiji cha Uskoti, katika Ulaya. Mwaka wa 1790 munganga Adair Crawford alitambua kwamba jiwe lililochimbwa kule lina kitu kisichojulikana bado. Mwaka wa 1808 Humphry Davy alikitenga kwa nguvu ya umeme.

Strontiamu inafanana sana na kalsiamu, hata mwili unaipokea na kuiweka mfupani. Wenye elimu waliona kwamba kipimo kidogo kinawatia wajenzi nguvu na kuwapunguza wabomoaji.

Pengine ajali ao ugonjwa unaondoa kipande kikubwa cha mfupa, na shimo haliwezi kuzibika lenyewe. Mwaka wa 1969, huko Marekani, Larry Hench alitengeneza kioo cha namna ya pekee ambacho mfupa unashikamana nacho. Kioo hiki kinayeyuka pole pole mwilini, na mfupa mupya unaingia pahali pake. Baadaye wengine walichanganya strontiamu ndani ya kioo kama hiki, ili wajenzi wafanye kazi vizuri zaidi. Wengine tena wanajaribu kupanda kwanza chembe hai za mfupa ndani yake, kama mbegu katika udongo, mbele ya kukitia mwilini.

Lakini angalia! Mwaka wa 2004 Ulaya ilikubali dawa ya strontiamu ya kumeza, kwa wanawake wazee wenye mifupa zaifu. Kweli, ilipunguza kuvunjika. Kisha ikaonekana kwamba inaongeza hatari ya ugonjwa wa moyo na ya damu kuganda. Mwaka wa 2014 ikawekewa mipaka mikali, na mwaka wa 2017 kampuni iliyoitengeneza ikaacha kuiuza. Tena wanyama waliolishwa strontiamu nyingi, mifupa yao ililegea. Unaona? Jiwe ni lile moja. Pahali pake na kwa kipimo chake linasaidia. Likipita kipimo linaharibu.

Kwa hiyo, mtu akikuletea unga ao vidonge sokoni, akisema vitaunganisha mfupa wako kwa juma moja, usitoe franka zako. Mfupa wako haungoji jiwe la Ulaya. Unahitaji mambo haya:

Tulia. Mfupa wa muundi wa mtu mzima mara nyingi unahitaji miezi 3 ao 4.

Kula ndagala pamoja na mifupa yao, sombe na maharagwe. Ota jua. Acha tumbako, kwa maana inachelewesha mfupa kupona.

Usiruhusu mtu kukaza mguu kwa vijiti na kamba. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, ao maumivu yakizidi, ita muuguzi mara moja, hata usiku. Ukichelewa, unaweza kupoteza mguu.

Sisi wa lopitali tunaushika mfupa tu, ili usimame sawasawa. Yeye aliyeuumba ndiye anayeujenga tena. Basi siku utakapojaribiwa kukata plasta na kwenda shambani, kumbuka wale wafanyakazi wadogo. Bado hawajamaliza kazi yao. Uwangojee, na uwaombee.