Ukienda na gitaa ng'ambo, usilikabidhi kama gunia

WAHENGA walisema msafiri ni aliye bandarini. Lakini kwa mwanamuziki wa Meru au Embu anayekwenda ng'ambo, safari haianzii kwenye uwanja wa ndege. Inaanzia kwenye stendi ya matatu, na aghalabu hapo ndipo gitaa hupata kipigo chake cha kwanza.

Chukua mfano wa kijana wa Nkubu aliyepata nafasi ya kusoma Ulaya. Gitaa lake lilinunuliwa na mamake kwa bonasi ya majani chai, na ndilo amekuwa akilipiga kanisani tangu akiwa kidato cha pili. Hawezi kuliacha nyumbani. Kutoka Meru hadi Nairobi kupitia Chuka na Embu ni kilomita 225 hivi, na humo mna kona za daraja la Nithi ambazo kila msafiri wa njia hiyo anazijua. Makanga akiliona tu atasema, "Boss, hiyo inaenda keria." Wewe mwambie haiendi. Lipia kiti cha pili ulikalishe kando yako kama abiria, kwa maana nauli hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya fundi.

Kuna watakaouliza mbona asipande ndege Isiolo, kwenye uwanja uliofunguliwa mwaka 2017 mpakani mwa kaunti za Isiolo na Meru. Barabara yake ya kurukia ina urefu wa kilomita 1.4 hivi, ambao hautoshi kwa ndege kubwa za ng'ambo. Kwa hivyo ni Nairobi, utake usitake.

Ajabu ni kwamba watu wa Nyambene ni mabingwa wa kutayarisha mzigo wa ndege. Miraa ya Maua hufungwa kwa majani ya mgomba ili isikauke, ikakimbizwa kwa pikapu hadi Nairobi na kupakiwa kwenye ndege. Mkulima anajua kwamba hewa kavu ni adui. Gitaa nalo ni mbao, na mbao hazisahau kwamba zilikuwa mti. Hewa ya ndani ya ndege huwa na unyevu wa chini ya asilimia 20, ilhali gitaa hufurahia asilimia 45 hadi 55. Likikaushwa kwa saa nyingi, na kisha likakaa miezi katika chumba cha Ulaya kinachopashwa moto wakati wa baridi, ubao wa juu waweza kupasuka bila kuguswa na mtu.

Tatizo la kwanza kwenye kaunta ni ukubwa. Gitaa la kawaida lina urefu wa karibu mita moja, na mizigo ya mkononi kwa mashirika mengi haitakiwi kuzidi sentimita 55. Wengine hukuruhusu, wengine hukataa, na jibu laweza kutegemea ni nani uliyemkuta zamu siku hiyo. Piga simu kabla ya kununua tiketi na uombe jibu kwa maandishi. Baadhi ya mashirika hukuuzia kiti kamili cha gitaa, bei ambayo mwanafunzi haiwezi.

Likilazimika kwenda chini kwenye chumba cha mizigo, liwe ndani ya kasha gumu. Mkoba wa kitambaa ni wa kuendea mazoezi ya kwaya tu. Legeza nyuzi kiasi, usizitoe zote. Kisha jaza nguo laini chini ya shingo na pande zote za kichwa, pale penye vigingi vya kukazia nyuzi, kwa sababu gitaa nyingi hazivunjiki tumboni bali shingoni. Kasha likianguka, kichwa kisichoegemezwa hujitupa mbele na kukatika. Tikisa kasha, na ukisikia chochote kikicheza ndani, ongeza fulana.

Sasa tuje kwenye haki zako, jambo ambalo wasafiri wengi hulijua wakati wameshachelewa. Mwaka 2008 mwanamuziki wa Kanada, Dave Carroll, alisafiri na shirika la United kupitia Chicago. Abiria mwenzake aliona dirishani magitaa yakirushwa na wapakiaji mizigo. Gitaa lake aina ya Taylor lilivunjika na matengenezo yakamgharimu dola 1,200. Shirika lilikataa kulipa, likisema hakulalamika ndani ya saa 24. Alipotoa wimbo juu ya kisa hicho kwenye intaneti Julai 2009, ulitazamwa na mamilioni. Mwaka 2012 Marekani ilipitisha sheria inayoyataka mashirika yake kuruhusu gitaa ndani ya ndege iwapo litaenea kwenye rafu ya juu na nafasi ipo wakati wa kupanda. Ndiyo maana ni vyema kupanda mapema. Lakini sheria hiyo ni ya mashirika ya Marekani.

Kinachomlinda kijana wetu ni Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake. Akiwa na tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Nairobi, mkataba huo unamhusu. Mzigo ukiharibika, lazima alalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Ukichelewa, ana siku 21. Kiwango cha juu cha fidia kilipandishwa mwishoni mwa 2024 hadi vizio 1,519 vya SDR, ile hesabu ya Shirika la Fedha Duniani, yaani dola 2,000 na ushei. Mwenye gitaa la thamani zaidi anaweza kutangaza thamani hiyo kwenye kaunta na kulipa ada ya ziada.

Jihadhari na kibandiko kidogo unachoombwa kutia sahihi, kinachosema mzigo ni dhaifu au haukufungwa vyema. Sahihi hiyo yaweza kutumiwa kukunyima fidia. Piga picha za gitaa hapo hapo kaunta, ndani na nje ya kasha, na uiweke risiti ya kulinunua.

Wanaoalikwa kupiga muziki katika hoteli za Lewa au Mbuga ya Meru wana shida nyingine. Vijindege vya kutoka Wilson huruhusu kwa kawaida kilo 15 tu, tena katika mikoba laini, na kasha gumu halipendwi kabisa. Heri kwenda kwa barabara.

Vifaa vidogo pia vina sheria zake. Koleo la kukatia nyuzi liende kwenye mzigo wa chini, lakini betri za akiba za lithiamu zikae nawe ndani.

Ukifika, fungua kasha kabla hujatoka kwenye ukumbi wa mizigo. Angalia shingo, kichwa na ubao wa juu. Ukiona ufa, usisubiri kufika hosteli. Jaza fomu ya mzigo ulioharibika papo hapo, ubaki na nakala, kisha uandike barua. Na likiwa zima, acha nyuzi zikae zilivyo hadi kesho yake.