Kuondoa Kebini ya Pikapu ya Chama kwa Usalama



Katika safari za ukaguzi, mara kwa mara hukuta nyuma ya ghala la chama pikapu kuukuu iliyokalishwa juu ya mawe. Nikiuliza, hujibiwa kwamba gari linafufuliwa. Nikiomba kuonyeshwa vilivyofunguliwa, huletewa debe la bolti zilizochanganyika, na fundi aliyezifungua alikwisha kuondoka. Gari la namna hiyo limo katika orodha ya mali za chama, lakini halina faida kwa mwanachama yeyote.

Si kwamba kazi hiyo haifai kufanywa. Pikapu za zamani zilijengwa kwa chasi imara, na kebini ikafungwa juu yake kwa bolti. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 75, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, na Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa toka mwaka 1971 hadi 1985, ni za jamii hiyo. Magari haya yaweza kufufuliwa hata baada ya miaka mingi, maana kila sehemu hufunguka na kurudishwa. Makala haya yaeleza namna ya kuondoa kebini pasipo kumwumiza mtu wala kuharibu mali. Mfano wetu mkuu ni Land Cruiser, lakini kanuni zake zafaa kwa pikapu nyingine zenye chasi.

Ajali niliyoishuhudia

Nilipokuwa nikikagua vitabu vya chama kimoja cha msingi, mafundi walikuwa uani wakiinua kebini kwa winchi ya mnyororo iliyofungwa kwenye tawi la mwembe. Bolti zote zilikwisha kufunguliwa, nao waliamini kwamba hakuna kilichobaki. Kebini ilipofika kimo cha goti ilisita, ikainama upande mmoja. Kijana msaidizi akapenyeza mkono ili kuvuta waya ulioizuia. Waya ukakatika, kebini ikayumba, na vidole vyake viwili vikabanwa baina ya kebini na chasi. Hakuvipata tena.

Chama kililipa gharama za hospitali. Msimu ule kahawa ya wanachama ilichukuliwa kwa lori la kukodi, na fedha hizo zilikatwa katika malipo ya wakulima. Waya uliosababisha yote hayo ulikuwa ule wa ethi, unaounganisha kebini na chasi. Kuufungua ni kazi ya spana moja, lakini haukuwa umeandikwa popote, na kwa hiyo hakuna aliyeukumbuka.

Tangu siku hiyo nimeshika kwamba hatari kubwa katika kazi hii si uzito wa kebini peke yake. Hatari kubwa ni kitu kimoja kilichosahauliwa.

Kabla ya Bodi kuidhinisha

Si kila kutu inayodai kebini itolewe. Fundi na agonge kwa nyundo ndogo sakafu, vizingiti vya milango na mahali kebini inapokalia chasi. Kutu ikiwa juu ya sakafu tu, yaweza kukatwa na kuchomelewa kebini ikiwa mahali pake. Ikiwa makalio ya raba yameoza, au chasi iliyo chini yake imeliwa au ina ufa, hapo ndipo kebini haina budi kutoka.

Katibu na ahakikishe kwamba namba ya chasi inasomeka na inalingana na kadi ya gari. Kwenye Land Cruiser hizi namba hiyo hugongwa kwenye chasi, upande wa kulia, mbele. Fundi aonywe mapema asiipige msasa wala kuikata, maana gari lililopoteza namba yake huleta mashaka juu ya mwenyewe halali.

Kisha lifunguliwe daftari la kazi. Kila kinachotoka kiandikwe: jina lake, mahali kilipotoka, idadi ya bolti, na mfuko kilimotiwa. Mifuko ipewe namba na ifungiwe ghalani. Picha zipigwe kabla ya kila hatua. Simu ya mkononi yatosha kwa kazi hiyo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na bolti nayo ni mali.

Kuitenga kebini na gari

Gari liwekwe mahali tambarare na pagumu, na magurudumu yote manne yazuiwe kwa magogo au mawe mazito. Jambo hili ni la lazima, kwa sababu baadaye breki ya mguu na ya mkono zitafunguliwa, na gari halitakuwa na kitu kingine cha kulizuia.

Betri ndizo za kwanza kuondolewa. Waya wa hasi utangulie kufunguliwa, kisha wa chanya. Baadhi ya magari ya dizeli yana betri mbili, na zote zitolewe. Baada ya hapo mafuta yamwagwe katika chombo kinachofaa na tangi liondolewe, lipelekwe mbali na mahali pa kuchomelea. Isidhaniwe kwamba tangi tupu ni salama. Mvuke uliobaki ndani yake waweza kulipuka kwa cheche moja. Kwenye Land Rover nyingi za zamani tangi liko chini ya kiti, yaani ndani ya eneo lile lile la kazi. Maji ya rejeta yamwagwe injini ikiwa imepoa. Gari likiwa na kiyoyozi, gesi yake itolewe na fundi wa kazi hiyo mwenye mtambo wake. Mabomba yasifunguliwe ovyo, maana gesi hiyo huunguza ngozi na macho kwa baridi.

Kisha sanduku la nyuma la mizigo liondolewe, lifuatwe na boneti na madigadi ya mbele. Hapo fundi ataona vizuri vitu vinavyoiunganisha kebini na gari. Vifunguliwe kimoja kimoja, na kila kimoja kitiwe alama katika daftari:

1. Mhimili wa usukani, kwenye kiungo chake cha chini. Kiungo kipigwe alama ya rangi pande zote mbili ili kirudi kilivyokuwa.
2. Mabomba ya breki na ya klachi. Ncha zake zizibwe ili mchanga usiingie. Mafuta ya breki yasidondokee rangi, maana huibabua.
3. Waya wa eksileta, waya wa spidi na waya wa breki ya mkono.
4. Mipira ya hita na mipira ya upepo inayokwenda kwenye sevo ya breki.
5. Nyaya zote za umeme. Kila kiungo kifungwe utepe wenye namba. Rangi ya waya isitegemewe peke yake, kwani katika gari kuukuu huenda mafundi wengi walikwisha kubadili nyaya.
6. Nyaya za ethi. Zitafutwe kwa mkono na kwa tochi, kwenye ukuta wa injini na chini ya sakafu.
7. Mikono ya gia, pamoja na mipira inayoziba matundu yake sakafuni.

Kuifunga kebini isipinde

Kebini iliyooza vizingiti husimama kwa kusaidiwa na chasi. Ikitolewa bila kuimarishwa hupinda, na baadaye milango haifungi. Basi, kabla ya kuvua milango, fundi apime nafasi iliyopo baina ya mlango na fremu yake na kuiandika. Kisha achomelee vyuma kwa ndani, toka nguzo ya mbele ya mlango hadi ya nyuma, kulia na kushoto, na chuma kingine cha kuunganisha pande hizo mbili. Milango ijaribiwe tena. Ikiwa yafunga kama mwanzo, na ivuliwe pamoja na viti na vioo ili kupunguza uzito.

Bolti za raba ndizo ngumu kuliko zote. Zitiwe mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake, na zirudiwe asubuhi. Moto wa gesi usitumiwe hapo, kwa sababu raba hushika moto upesi. Bolti ikikataa, heri kuikata kwa msumeno na kununua nyingine. Washa zilizokutwa chini ya kila raba zitiwe katika mfuko wa mahali pale pale, maana ndizo zinazosawazisha kebini.

Kuinua

Winchi ya mnyororo hutegemea nguvu ya kitu ilichofungwa. Tawi la mti halina kipimo, hivyo lisitumiwe. Chama kisicho na fremu ya chuma iliyo imara kitapata usalama zaidi kwa jeki na magogo.

Yatayarishwe magogo mawili yaliyonyooka, ya mbao ngumu, yenye urefu wa mita 3 hivi, kwa kuwa gari lina upana wa karibu mita 1.7. Moja lipitishwe chini ya sakafu karibu na ukuta wa injini, jingine nyuma ya kebini, yakiwa yamekingama juu ya chasi. Yagusishwe na sehemu nzima za kebini, wala si bati lililooza. Ncha zote nne zitokeze nje ya gari, na chini ya kila ncha vipangwe vipande vya mbao vya mraba, viwili viwili kwa kupishana.

Inueni sentimita 5 tu, kisha simameni. Mtu mmoja, mwenye daftari mkononi, azunguke gari lote akitazama juu na chini. Je, upo waya uliokaza? Upo mpira uliovutika? Kipo kiungo kisichotiwa alama? Kikionekana chochote, kebini irudishwe chini kwanza ndipo kifunguliwe. Mkono usipenyezwe kamwe baina ya kebini na chasi wakati kebini imeinuliwa. Lau mafundi wa chama kile wangesimama hapa, kijana yule angekuwa na vidole vyake.

Wakisharidhika, waendelee kona moja baada ya nyingine, sentimita 5 kila mara, na mbao zifuate kila hatua. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Uzito ukae juu ya mbao. Mtu mmoja tu atoe amri, na asiwepo aliye chini ya kebini. Magogo yakiwa juu kupita kimo cha magurudumu ya nyuma, kazi ya kuinua imekwisha.

Sasa kebini isibebwe. Ni chasi itakayosukumwa mbele taratibu itoke chini yake, maana injini iko mbele na haitapita chini ya kebini. Usukani umekwisha kufunguliwa, hivyo mtu aongoze magurudumu ya mbele kutoka pembeni, na wawili wengine wafuate na mawe ya kuzuia. Chasi ikishatoka, kebini ishushwe kwa utaratibu ule ule hadi kimo cha kufanyia kazi, kisha ifunikwe turubai.

Siku ya kuirudisha, bolti zote zishikizwe kwanza bila kukazwa. Zikiisha kuingia zote ndipo zikazwe. Breki zitolewe upepo na kujaribiwa kabla gari halijatoka uani.

Wajibu wa Katibu

Huenda Katibu akasema kwamba yeye si fundi. Ni kweli, wala hatakiwi kushika spana. Kazi yake ni kuuliza: Daftari liko wapi? Mifuko ni mingapi? Nani anatoa amri? Magogo yamekaguliwa? Fundi anayejua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Anayechukizwa asikabidhiwe gari la wanachama.

Kila mwezi Katibu asome daftari hilo mbele ya Bodi, kama asomavyo hesabu za mazao, na malipo ya fundi yafuate hatua zilizokamilika. Kwa njia hiyo, hata fundi akiondoka, mwingine ataweza kuendelea alipoishia mwenzake, na pikapu itarudi barabarani kuwahudumia wenyewe.