Namba za sura zisitupotezee haki
Ushauri kwa makatibu na viongozi wa kamati za wakimbizi wa ndani, Kiwanja

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 27 kwamba kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, ana haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa wenye mamlaka. Nao wanapaswa kujibu katika muda wa miezi mitatu. Kwa familia za Kiwanja, ambazo zilikimbia mwaka 2008, zikakimbia tena 2012 na tena 2022, hilo si jambo dogo. Mkutano huisha na watu hutawanyika, lakini karatasi hubaki.

Karatasi hiyo inafaa ikiwa inaeleweka. Katika makala hii tutazungumzia jambo moja linaloharibu nyaraka nyingi za kamati: namba za sura zilizoandikwa kwa mkono katika kompyuta.

Kosa linavyotokea

Tuseme kamati yenu inaandika waraka wenye sura nne: 1. Usalama, 2. Shule, 3. Mashamba, 4. Kurudi nyumbani. Katika sura ya nne mmeandika: "Familia zitarudi baada ya masharti ya sura ya 3 kutimizwa." Maana yake ni wazi: kwanza mashamba yarudishwe kwa wenyewe.

Siku ya mwisho akina mama wanasema, na wana haki, kwamba maji yamesahauliwa. Katibu anaongeza sura ya maji baada ya usalama. Anasahihisha vichwa: maji inakuwa 2, shule 3, mashamba 4, kurudi 5. Lakini ile sentensi haikumbuki. Bado inasema "sura ya 3". Sasa waraka unasema kwamba familia zitarudi shule zikitengenezwa, hata kama mashamba bado yana watu wengine. Watu wanatia sahihi. Hakuna aliyedanganya, lakini ahadi imebadilika, na hapo ndipo ugomvi mpya huanza.

Kuiacha kompyuta ihesabu

Kompyuta inaweza kuhesabu sura yenyewe, mradi tuijulishe ni maneno gani ni vichwa. Hapa kwetu kompyuta nyingi zina lugha ya Kifaransa, kwa hiyo tunataja majina kama yanavyoonekana katika programu ya Word.

1. Andika kichwa cha sura bila namba. Weka mshale juu yake, kisha katika "Accueil" chagua mtindo "Titre 1". Kwa kichwa kidogo ndani ya sura, chagua "Titre 2".

2. Ukiwa bado katika kichwa, bonyeza kitufe cha "Liste à plusieurs niveaux". Chagua mfano unaoonyesha namba pamoja na maneno "Titre 1", "Titre 2". Vichwa vyote vitapata namba: 1, 1.1, 1.2, 2, na kuendelea.

3. Unapotaka kutaja sura nyingine, usiandike namba kwa kidole. Nenda "Références", bonyeza "Renvoi", chagua "Titre", halafu "Numéro de titre", na uonyeshe sura unayoitaka. Namba hiyo sasa imefungwa kwa sura yenyewe.

4. Ukiisha kuongeza au kuhamisha sura, bonyeza Ctrl na A pamoja ili kuchagua waraka wote, kisha F9. Vichwa hujihesabu vyenyewe, lakini namba zilizotajwa ndani ya sentensi hungoja F9. Wengi husahau hatua hii.

Wanaotumia LibreOffice, programu isiyolipiwa, watatumia mitindo hiyo hiyo ya "Titre". Kwa kawaida namba hupangwa katika "Outils", mahali paitwapo "Numérotation des chapitres".

Mitego mitatu

Ukiona "3. 3. Mashamba", mtu ameandika namba kwa mkono juu ya ile ya kompyuta. Futa ile ya mkono.

Ukiona "Erreur ! Source du renvoi introuvable", sura iliyotajwa imefutwa. Usifiche maneno hayo. Rudi uulize kamati: je, tuliamua kuifuta?

Ukinakili kipande kutoka kwenye flashi ya kamati nyingine, kinaweza kuleta namba zake na kuanza tena kwenye 1. Kibandike kama maneno matupu, kisha ukipe mtindo wako.

Maombi yahesabiwe moja kwa moja

Katiba yetu ina vifungu 229. Imegawanywa katika sehemu na sura, lakini vifungu havianzi upya kila sehemu. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, ni vilevile: zimegawanywa katika sehemu tano, lakini zinahesabiwa kutoka 1 hadi 30 bila kurudi nyuma. Faida yake ni kwamba kifungu cha 27 ni kimoja tu. Nanyi fanyeni hivyo kwa maombi yenu. Mkisema "ombi la 12", asiwepo wa kuuliza ni la sura gani.

Baada ya sahihi, namba hazibadiliki

Kabla ya kutia sahihi, kompyuta ihesabu. Baada ya sahihi, iache. Hifadhi waraka katika PDF, toa nakala za karatasi, na kila upande ubaki na yake. Katiba ilipobadilishwa tarehe 20 Januari 2011, vifungu vinane viliandikwa upya mahali pake, na vingine vikabaki na namba zao. Nanyi mkikubaliana jambo jipya, andikeni nyongeza yenye tarehe, au "3 bis". Msihesabu upya waraka ambao wengine wana nakala yake ya zamani.

Kompyuta haitoshi

Mashine inajua kuhesabu, haijui tulichokubaliana. Kwa hiyo, kabla ya sahihi, waraka usomwe kwa sauti mbele ya wote, hata wasiojua kusoma. Kila mara namba inapotajwa, msomaji asimame, na mtu wa pili afungue sura hiyo na kusema inahusu nini.

Tena, andikeni jina pamoja na namba: "sura ya 4, mashamba". Namba ikikosewa, jina litaonyesha kosa. Njia hii hata kamati inayoandika katika daftari kwa kalamu inaweza kuitumia leo.

Maswali ya kujadili katika kamati

• Nani anashika nakala za nyaraka zetu? Tukikimbia tena, nakala nyingine iko wapi?

• Je, kuna waraka wetu wa zamani unaotaja sura isiyo sahihi? Tufungue tuangalie pamoja.

• Katika waraka wetu wa mwisho, je, akina mama na vijana walisikia kila ombi likisomwa kabla ya sahihi?