Mafuta yakimwagika majini, nani asafishe?

Rafiki msomaji, wewe uko Ngara au Biharamulo. Mafuta ya meli yanakuhusu nini? Subiri kidogo.

Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio ilikwama kwenye matumbawe huko Mauritius. Kuanzia tarehe 6 Agosti, tani 1,000 hivi za mafuta zikavujia baharini. Serikali iliwaambia wananchi wawaachie wataalamu. Wavuvi na wenye boti hawakungoja. Pamoja na majirani zao walijaza majani ya miwa kwenye vitambaa, wakashona vizuizi vinavyoelea. Bahari ndiyo shamba lao, wangengojaje?

Lakini jamani, mafuta hayana mzaha. Mvuke wake huumiza kichwa na kuleta kizunguzungu na kichefuchefu. Yakigusa ngozi, huwasha. Moyo wa kusaidia hautoshi. Vaa glavu na buti, na ukisikia kizunguzungu, ondoka.

Na sisi je? Ruvubu huingia Kagera, Kagera huingia Ziwa Viktoria. Oili chafu ya pikipiki ikimwagwa mtaroni leo, mvua huisukuma mtoni. Kuizuia ni rahisi kuliko kuisafisha. Je, gereji ya kwenu huimwaga wapi? Kaulize.